Vizingiti vya Gari la Maharusi

Mguu wa Bi Mwanakombo uliingia ndani ya gari kwa njia ambayo hakuna mguu uliowahi kuipita. Haukupitia mlangoni. Ulikanyaga kile kizingiti cha bati kilicho chini ya mlango, pale ambapo kila mtu hukanyaga akitaka kupanda, kizingiti kikasema krap kama biskuti, na mguu ukazama mpaka kwenye kifundo. Bi Mwanakombo akabaki amesimama kando ya Ndia Kuu ya Mji wa Kale, nusu yake garini na nusu barabarani, mkono mmoja umeshika mkoba na wa pili umeshika buibui.

"Nimeliwa!" akapiga ukelele. "Jamani, gari yanila!"

Jamaldin, mwenye gari, alitamani ardhi ipasuke immeze, ila siku ile kupasuka kulikuwa kumeshatokea mahali pengine. Alizunguka mbio, akapiga magoti, akaomba radhi kwa mguu kwanza kisha kwa mwenye mguu. Watu walitoka madukani. Muuza mafuta ya nazi akaja na chupa yake, wakaupaka mguu kama samaki wa kukaanga, wakauvuta pole pole hadi ukatoka, mzima, haukuchubuka hata kidogo, ila umekuwa mwekundu kwa unga wa kutu kuanzia kisiginoni kwenda juu, kama uliotiwa hina na mtu asiyejua kutia.

Sasa, ingekuwa mguu wa mtu mwingine, wangecheka yakaisha. Lakini Bi Mwanakombo ndiye shangazi aliyemlea Swafia, na Swafia ndiye aliyekuwa aolewe na Jamaldin Ijumaa ya wiki ya pili. Siku ile Jamaldin alimwalika shangazi apande, amzungushe mjini, ajionee mwenyewe gari litakalomchukua bi harusi. Alikuwa amelipiga msasa wa maneno tangu asubuhi: Pijo 404 la rangi ya maziwa, la marehemu babake, hakuna mfano wake kisiwani kote.

Bi Mwanakombo alijipangusa mguu, akanyoosha mgongo, akatoa hukumu mbele ya mashahidi.

"Nisikiza, Jamaldin. Mwanamume asiyejua vizingiti vya gari yake vina hali gani, nimpe mwanangu akamtilie kizingiti gani cha nyumba? Harusi hakuna. Hakuna mpaka nije nikanyage papa hapa kwa miguu yote miwili, niruke, na nisitumbukie."

"Uruke, Bi Mwanakombo?"

"Niruke! Waniona siwezi?"

Hakuna aliyethubutu kusema hawezi. Alikuwa mama wa mwili, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya pili, na alipoondoka kwa tuktuk, tuktuk lenyewe lililala upande mmoja.

Jamaldin alibaki na gari lake na tundu lake. Harusi ile hakuipata kwa urahisi. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeshaanza kugeuka nyeupe, na hajawahi kuoa. Si kwamba hakutaka. Kazi yake ilimharibia. Pijo lile ndilo lililokuwa likibeba maharusi wa Mji wa Kale tangu enzi za babake, na babake alipofariki, usukani ukawa wake. Kila msichana aliyempendeza, kabla hajapanga maneno ya kumwambia, husikia hodi mlangoni: "Jamaldin, twataka gari, binti yetu aolewa." Basi huliosha gari, akalipamba, akampeleka msichana ambaye yeye mwenyewe alimtaka hadi kwa mume wake, mlangoni kabisa, na akapewa sahani ya biriani aondoke nayo.

Swafia naye alimpeleka. Huyo ndiye aliyemuuma kuliko wote. Alikuwa kijana wakati huo, na ulimi wake ulikuwa mzito kama nanga. Mume wa Swafia alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na alipofariki Jamaldin alilia kwa haki. Akangoja eda iishe, akangoja na baada ya eda, akangoja mpaka watu wakasahau kwamba kuna kitu cha kungojwa. Kisha akaanza kwenda kununua achari, maana Swafia alikuwa akipika achari za maembe na ndimu nyumbani kwake Kibokoni. Alinunua kila siku. Alizila mpaka midomo ikababuka. Siku moja Swafia akaweka kijiko chini, akamtazama.

"Jamaldin, achari zote hizi wazila peke yako? Utakufa bure. Sema ulilojia."

Akasema. Alisema kwa kigugumizi, huku anatokwa na jasho la pilipili, na Swafia akacheka akasema ndiyo. Tangu siku hiyo Jamaldin alikuwa akitembea kwa kurukaruka, mtu mzima na ndevu zake, akisalimia hata paka. Na sasa yote yale yalikuwa yamening'inia kwenye bati lililooza.

*

Asubuhi ya pili yake alilipeleka gari kwa Nanjala, fundi wa bati, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya Mwembe Tayari, mahali ambapo honi za mabasi ya bara hazinyamazi. Nanjala alikuwa mwanamke mrefu, ovaroli imejaa rangi za magari ya watu, na hakuwa na haya hata chembe katika kujisifu.

"Umefika kwa mwenyewe, Mzee Jamal. Mimi nikishika bati, bati linatulia."

"Usiniite mzee. Mimi bwana harusi."

"Haya, bwana harusi. Inama uone mke wako wa kwanza ana ugonjwa gani."

Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga kizingiti, kidogo kidogo, kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma, ameweka sikio kama daktari. Ting, ting, ting, lilisema bati zima. Alipofika chini ya mlango likasema paf. Akagonga tena: paf, paf, na vipande vya rangi vikaanguka. Upande wa pili vile vile.

"Umeona? Nje inang'aa, unaweza kujitazama ukanyolea ndevu. Kutu hii haikutoka nje. Imetoka ndani ikija nje. Unaliosha na maji gani?"

"Ya kisima cha nyumbani," akasema Jamaldin kwa fahari. "Kila Alhamisi. Sijakosa."

Nanjala akafumba macho. "Kisima cha Mji wa Kale. Kila Alhamisi unaliogesha maji ya chumvi. Umelifanya gari papa mkavu!"

Akatandika boksi chini, akalala chali, akajitelezesha chini ya gari, zikabaki buti zake tu nje. Sauti yake ikawa inatoka chini.

"Kila kizingiti kina vitundu huku chini. Maji yakiingia kwa mlango yanatokea hapa. Ngoja nivitafute. Havipo. Haiwezekani havipo. Vipo, lakini vimezibwa. Vyote! Bwana harusi, nani kaziba vitundu vya gari yako?"

Jamaldin akajishughulisha kutazama mawinguni.

Bisibisi lilisikika likikwangua. Kisha Nanjala akatoka, uso mwekundu kwa kutu, ameshika kidonge kigumu cha rangi ya asali mkononi. Akakinusa. Akaenda kwenye jiko la mkaa lililokuwa na birika la chai, akakitupia juu ya kaa. Moshi mweupe ukapanda, na karakana nzima, pamoja na oili na matairi, ikanukia kama nyumba yenye mwali.

"Ubani!" Nanjala akapiga kelele. "Ubani na nta! Nimeona watu wanaziba kwa lami, kwa saruji, hata kwa sabuni. Ubani sijaona. Nani huyu?"

"Fungua kizingiti kwanza," akasema Jamaldin. "Tutazungumza baadaye."

Akakifungua. Alikata kwa grainda kando ya pale palipooza, cheche zikaruka, bati likafunguka kama kifuniko cha kopo, na vilivyomwagika vikawafanya wote wawili warudi nyuma. Vilikuwa malundo kwa malundo ya asmini, maua ya harusi zote zile, yameshindiliwa na kuloa na kuwa rangi ya majani ya chai. Kulikuwa na vikuba, vile vishada vya maua vya kifuani, vilivyobaki uzi na majani ya rehani. Kulikuwa na punje za mchele, vimetameta vya nguo, pini za nywele, kipuli kimoja na jino la dhahabu ambalo hakuna aliyeweza kueleza lilivyofika. Vyote vilipenya chini ya zulia, mwaka baada ya mwaka, na marashi waliyomwagiwa maharusi yalipenya pamoja navyo, na maji ya kisima pia, na kwa kuwa chini kumezibwa, vikakaa humo vimelikumbatia bati mpaka likaoza.

Nanjala alisimama, mikono kiunoni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Nimetengeneza magari yaliyouawa na mvua," akasema akifuta machozi. "Yaliyouawa na bahari pia. Hili ni la kwanza kuuawa na vigelegele."

*

Kazi ilikuwa ya kukata kilichokufa, kusugua kilicho hai mpaka bati jeupe lionekane, kupaka dawa ya kutu, kuchomelea bati jipya, kisha rangi. Jamaldin alikataa kukaa kwenye kiti. Alivaa shati kuukuu, akapewa brashi ya waya, akasugua huku anaimba kwa sauti mbaya mno, kutu ikamjaa ndevuni, zikawa nyekundu kama zilizotiwa hina.

Siku ya tatu akatokea mwanamke mlangoni pa karakana, kajifunika gubigubi, ninja usoni, yaonekana macho tu. Akasimama akitazama gari.

"Sabalkheri, mama," akasema Nanjala. "Una gari?"

"Sina gari. Nina mume mtarajiwa, nimeambiwa yuko hapa, sitambui ni yupi kati yenu."

Jamaldin aliangusha brashi. Sauti ile angeijua hata katikati ya honi za mabasi yote ya bara.

"Swafia! Wewe si watakiwa uwe ndani?"

"Niko ndani. Shangazi ajua niko kwa somo wangu mwenye kunifunda, nasingwa, nasuguliwa ngozi ya harusi." Akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Nami nimeona kama ni kusingwa, mwenye kuhitaji zaidi ni huyu." Akakipapasa kizingiti kilichokuwa wazi. "Masikini, ngozi yake. Jamal, niambie kweli. Fundi kanitumia habari kwa simu. Asema vitundu vilizibwa kwa ubani, nawe hutaki kusema nani kaziba."

Jamaldin akamtazama Nanjala kwa jicho baya. Nanjala akakumbuka ghafla kwamba ana kazi uani.

Wakabaki wawili na gari. Jamaldin aliokota brashi, akazitazama nyuzi zake moja moja.

"Wakumbuka siku niliyokupeleka kwa marehemu?"

"Naikumbuka. Uliendesha pole pole mpaka punda wa maji akatupita."

"Siku ile nililiosha gari mara mbili. Na wanawake wakakumwagia marashi, chupa nzima nzima za mirashi, yakapita mlangoni yakaingia humu. Tulipoondoka, yakaanza kudondoka huku chini. Njia nzima, tone, tone. Shangazi yako akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, 'Jamani, gari yalia!' Watu wakacheka, wakalitazama gari, kisha wakanitazama mimi." Akang'oa waya uliolegea kwenye brashi. "Nikaona gari lanitolea siri."

"Siri gani?"

"Hiyo hiyo ya achari."

Kitambaa cha ninja ya Swafia kilikuwa kikivutika ndani na kutoka nje pale mdomoni.

"Mimi nilikuwa nimekaza meno, nimekaza kila kitu, sitaki mtu anijue. Halafu gari lalia. Kesho yake asubuhi nikayeyusha nta na ubani wa mamangu, nikaziba vyote. Nikaapa halitalia tena. Halikulia."

"Likaoza."

"Likaoza."

Wakatazamana. Jamaldin alikuwa tayari kwa lolote. Alikuwa tayari achekwe, aonewe huruma, aambiwe yeye ni mpumbavu wa kuzaliwa. Swafia akainama, akachungulia ndani ya kizingiti, akapitisha kidole kwenye kutu, akakiangalia.

"Kwa hivyo kutu yote hii ni yangu mimi?"

"Ni yako."

"Basi nipe msasa."

Wakasugua. Jamaldin alisugua upande wa kulia, Swafia wa kushoto, wanazungumza kwa kupitisha maneno chini ya gari, na kila mmoja akiinama kumchungulia mwenzake wanakutana macho kwa macho karibu na ekseli, wanacheka kama watoto waliovunja mtungi. Furaha ilimjaa Jamaldin mpaka akahisi kizunguzungu, akalazimika kukaa chini kidogo, akasingizia ni harufu ya dawa ya kutu. Nanjala aliporudi alikuta bati jeupe pande zote mbili na mwanamke wa ninja mwenye vidole vya rangi ya hina kabla hina haijatiwa.

Aliyemaliza ni fundi mwenyewe, na alimaliza vizuri, na alisema hivyo mara nyingi. Alichomelea bati jipya zito. Akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndani na nje, kisha ile ya maziwa juu. Alipulizia ndani ya vizingiti mchanganyiko wa oili na grisi mpaka ukatambaa kila pembe. Vitundu alivitoboa upya, vyote, akavisafisha kingo.

"Maji ya kisima, marufuku," akamwambia Jamaldin, kidole kimenyooka. "Osha kwa maji matamu ya mfereji. Kila mwezi chukua chelewa ya ufagio, zibua vitundu. Na zulia linyanyuliwe kila baada ya harusi, maua yatoke. Nikikuta ubani huku chini tena, nitakuchomelea wewe."

*

Ijumaa, baada ya nikaha kusomwa msikitini, Jamaldin akalileta gari mbele ya nyumba ya Kibokoni. Alikuja analiendesha mwenyewe, na kanzu yake na joho, jambo lililowaudhi wazee wawili watatu waliosema bwana harusi hukaa nyuma akaendeshwa. Aliwajibu kwamba nyuma hakujui, hajawahi kukaa.

Bi Mwanakombo akatoka. Alikuwa amevua viatu makusudi. Madirishani walijaa watu, na Nanjala, ndani ya gauni ambalo hakuna aliyejua analo, alisimama karibu akiwa amekunja mikono.

"Nafungua mlango," akasema Jamaldin kwa sauti nyembamba.

Bi Mwanakombo akapanda juu ya kizingiti kwa miguu yote miwili, akashika paa la gari. Akangoja. Bati likanyamaza. Akasema bismillahi, akaruka.

Gari lilishuka na kupanda kama mtu aliyesalimiwa. Taa ya mbele ilitingisika. Kizingiti hakikusema hata neno. Akaruka tena, na mara ya tatu akaruka kwa raha zake tu, macho yamefumba, na vigelegele vikapasuka kutoka kila dirisha.

"Mtoeni mwanangu!" akaita.

Swafia akatolewa, kapambwa, asmini hadi kiunoni, akakataa kukaa nyuma, akaketi mbele kando ya dereva. Wanawake wakamwaga marashi. Walimwaga juu yake, juu ya kiti, mlangoni, wakaimimina mirashi mpaka ya mwisho kana kwamba wanazima moto. Bi Mwanakombo akapanda nyuma, gari likaondoka.

Walikuwa hawajafika mbali kwenye Ndia Kuu, mtu mmoja barazani aliponyoosha kidole kuelekea chini ya gari. "Tazameni tini! Gari yalia!"

Mguu wa Jamaldin ulikwenda kwenye breki wenyewe. Uso ulimwaka moto, ule ule wa zamani. Kioo cha pembeni kilimwonyesha matone, kila upande, yamejipanga barabarani kufuata walikotoka.

"Simama," akasema Bi Mwanakombo. Akashuka. Akainama kwa taabu, akakinga tone kwa kiganja, akalinusa. Watu waliacha hata kupiga makofi. Jamaldin aliteremsha kioo akingoja kuambiwa harusi imevunjika.

Bi Mwanakombo alimtazama. Alilitazama gari, akamtazama tena yeye, maana machozi yalikuwa yanamtiririka yakiingia ndevuni na hakuwa na la kufanya nayo.

"Siku ile ilikuwa gari peke yake," akasema taratibu. "Leo mpaka dereva."

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ile, mama yule. Akapanda kimya kimya, akafunga mlango kwa adabu.

Jamaldin akataka kujifuta, Swafia akamshika mkono.

"Acha vilie vyote viwili," akasema. "Twende."

Akatia gea, wakaenda mwendo wa pole mpaka mkokoteni wa maji ukawapita, mwenye mkokoteni akawapungia. Nyuma yao matone yaliendelea kudondoka hadi mlangoni pa nyumba, na mtaa ule ulinukia marashi mpaka alasiri.